Kambale Wawili Katika Ukurasa Mmoja

Mke wangu Rébecca Kahongya hakosi kitu kichwani. Anachokosa ni mahali pa kukiweka. Kabla kompyuta haijaingia, nyumba yetu hapa Butembo ilikuwa imejaa karatasi zake. Karatasi chini ya godoro, karatasi kwenye kabati la vyombo, karatasi zimekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa. Mimi ni seremala, naitwa Kasereka Kitsa, na nilimtengenezea rafu nzuri ya mbao za mkaratusi nikidhani nimemaliza neno. Rafu hiyo mpaka leo imebeba sufuria.

Asubuhi anafundisha watoto wa darasa la tano. Jioni anageuka mwanafunzi yeye mwenyewe, na ili apate diploma yake anatakiwa kuandika mémoire, ile kazi kubwa ya mwisho ambayo mtu huitetea mbele ya walimu waliovaa tai. Yake inahusu majina yetu sisi Wanande. Asiyetujua aelewe kwanza hili: kwetu mtoto huzaliwa na jina la zamu yake. Mvulana wa kwanza ni Paluku, ingawa nyumba nyingine humwita Mumbere au Nzanzu. Wa pili ni Kambale. Wa tatu ni Kasereka, ndiye mimi, halafu Kakule, na kuendelea. Wasichana nao wana safu yao. Mtoto akifa, zamu yake haipewi mwingine. Rébecca alitaka kujua familia zilizokimbia mauaji upande wa Mangina na Beni zinawahesabuje watoto wao: walio hai, waliokufa, na wale ambao hakuna anayejua waliko.

Alizunguka muda mrefu akiuliza na kuandika. Siku alipompelekea mwalimu anayesimamia kazi yake, alirudi uso umemvimba kwa hasira. Mwalimu alikuwa amemwambia, kwa Kiswahili chetu kilichochanganyika na Kifaransa, "Madame, uko na bintu mingi, mais hakuna hata kimoja kinachosikilizana na kingine." Alilia kidogo, akanawa uso, kisha akasema atanunua kompyuta.

Akaipata iliyotumika, iliyoletwa na wachuuzi wa Kampala, herufi moja ya kibodi imeng'oka. Ndani yake akaweka programu ya kuandikia ambayo ni ya bure, haina mapambo, haina rangi, haina hata mahali pa kuchagua mwandiko mzuri. Nilipoitazama nilimwuliza kama wamemwuzia iliyobaki nusu. Akasema ndivyo inavyotakiwa. Alijifunza peke yake, kwa video ya Kifaransa ya bwana mmoja mwenye ndevu aliyeongea kama anafukuzwa, na kila sola yetu ilipokata alikaa akiikodolea macho skrini nyeusi mpaka nikamwonea huruma.

Kazi ya programu yenyewe, kama alivyonieleza mara nyingi kuliko nilivyohitaji, ni hii. Kila mtu anapewa ukurasa wake. Ukiandika jina la mtu ndani ya ukurasa mwingine na kulifunga kwa mabano ya mraba mawili mawili, jina linakuwa mlango. Ukiligusa, unaingia kwenye ukurasa wa mtu huyo. Na chini ya kila ukurasa programu yenyewe inakuonyesha kurasa nyingine zote zinazomtaja. Kisha kuna mchoro wa nukta na nyuzi, kila nukta mtu, kila uzi uhusiano. Ukimtaja mtu ambaye hujamwandikia kitu, nukta yake inapauka, ukurasa wake unangoja mtupu.

"Papa Ariel, kuya uone," aliniita. Ariel ni mtoto wetu.

"Naona nukta."

"Hapana nukta. Ni batu."

Nilimwambia watu wake wamekonda. Hakucheka. Alikuwa na furaha ambayo sikuiona tangu siku ya harusi yetu, na nakiri nilikuwa na wivu kidogo na lile sanduku.

Kuweka mabano kwa mkono kulimchosha, kwa hiyo akatafuta kiongezi, kitu kidogo unachokichomeka kwenye programu ili majina yote yanayojulikana yajifunge yenyewe. Akajiwekea sheria: mtu aandikwe kwa jina la zamu pamoja na jina lake la pili, Kambale Maliro, Kambale Lusenge, Paluku fulani, ili asiwachanganye. Sheria nzuri. Alinisomea kwa sauti, nami nikaisifu. Lakini kulikuwa na watoto ambao hawakuwa na jina la pili kwa sababu hakuna aliyelitaja. Hao aliwaandika kwa jina la zamu tupu.

Katika watu aliowahoji mwanzoni kabisa alikuwepo Mama Hulda. Ni mjane anayepitisha viazi vya Alimbongo nyumba kwa nyumba, beseni kichwani, na tangu vita visogee kule kusini viazi hivyo vimekuwa vigumu kupatikana, hivyo anapita mara chache. Asili yake ni kijiji cha pembeni mwa Mangina. Mwaka ule watu walipoanza kukatwa kwa panga, alikimbia na mwanawe wa miaka kama mitano, Kambale. Kwenye kivuko cha mto, katika ule msukumano wa watu, mkono wa mtoto ulimtoka. Alimtafuta huku na kule mpaka miguu ikavimba. Miaka ikapita, na mwishowe ndugu zake wakamkalisha chini wakamwambia atosheke. Akakubali. Wakafanya matanga bila mwili, akanyoa nywele, akalia siku zake, akaamka. Alimweleza Rébecca yote haya kwa utulivu, huku anachambua maharagwe. Alisema: "Nilizaa babili. Bote habako. Nilishabalilia."

Basi Jumamosi moja baada ya chakula, Rébecca alikuwa akihamisha karatasi za mwisho kwenye kompyuta. Aligusa jina Kambale, lile tupu, ili aone kama kuna kosa. Chini ya ukurasa programu ilimwonyesha kurasa mbili zinazolitaja. Moja ni ya Hulda. Ya pili ni ya Papa Gamaliel, mzee wa kanisa anayeishi Bungulu, kule Beni. Rébecca alimhoji miezi mingi baadaye, na karatasi yake ilikuwa kabatini wakati ile ya Hulda iko chini ya godoro. Hazikuwahi kukutana. Aliyoandika kuhusu Gamaliel ni haya: alipokea mtoto wa kiume wa miaka kama mitano, mwaka ule wa kukimbia, mtoto alitoka upande wa Mangina, alijua kusema jina moja tu, Kambale, sasa ni kijana, anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga fufu. Kijana mwenyewe Rébecca hakumwona, alikuwa kazini.

Laiti angenipigia kelele nikaacha randa yangu nikaja. Lakini mambo hayakungoja. Hulda aliingia uani na beseni lake saa hiyohiyo, akaomba maji ya kunywa, na mke wangu akashindwa kujizuia, akamwambia aliyoyaona. Mimi nilisikia beseni likianguka na viazi vikibingirika kwenye saruji. Nilipotoka, Hulda alikuwa ameketi chini, mikono juu ya kichwa, na Rébecca amepiga magoti mbele yake naye analia.

Tulipobaki wawili nilimkasirikia sana.

"Mama Ariel, baKambale ni ngapi mu Butembo? Ni ngapi mu Beni? Hata we mwenyewe uko na kaka Kambale!"

"Najua."

"Sasa?"

"Hapana mimi niliyebaunganisha," alisema. "Ni machine. Ilibaweka pamoja yenyewe, mimi nilikuta tu."

Hapo ndipo palipo kosa, na mpaka leo linaniuma. Jina hilo akilisikia sokoni hawezi hata kusimamisha hatua, kwa kuwa mtoto yeyote wa Kinande anajua kwamba Kambale si mtu, ni zamu. Lakini alipoliona limeunganishwa na kitu kisichotujua, kisicho na shangazi wala jirani, aliliamini. Aliona kama ushahidi wa mtu asiye na upande.

Rébecca alimpigia simu Papa Gamaliel, naye akatutumia picha ya kijana. Hulda aliishika ile simu kwa mikono miwili, akaitazama mpaka skrini ikazima, tukaiwasha, akaitazama tena. "Masikio njo ya baba yake," alisema. Nami nikachungulia. Yalikuwa masikio tu, kama ya mtu yeyote. Lakini baada ya kusema hivyo nami nikaanza kuyaona, na hasira ikaniisha, nikatamani iwe kweli kama nilivyopata kutamani vitu vichache maishani. Kisha wakapigiana simu. Upande wa pili sauti nzito ya kijana ilisema neno moja, "Mama?" Hulda alijibu tu, "Ee. Ee. Ee."

Tuliondoka asubuhi, mimi nikiwasindikiza, kwa kuwa barabara ya Beni si ya kuwaachia wanawake wawili na dereva. Hulda alivaa kitenge kipya. Kwenye mfuko alikuwa na viazi vya kuchemsha na shati alilonunua. Alitufunulia tulione. Lilikuwa la mtoto wa miaka kumi hivi, mahali fulani kati ya yule aliyempoteza na yule wa kwenye picha. Rébecca alilisifu rangi. Mimi nikageukia dirisha.

Nyumbani kwa Papa Gamaliel walikuwa wamefagia ua na kupanga viti. Kijana alitoka kazini mbio, unga mweupe umemganda kwenye nyusi, akijipangusa mikono kwenye suruali. Alikuwa mrefu kunizidi. Alisimama mbele ya Hulda hajui afanye nini, kisha akainama, akaweka kichwa begani kwake, na yule mama akamshika shingo asimwachie. Watu wa nyumba wakaimba. Papa Gamaliel aliomba sala ndefu, nami, ambaye sala ndefu hunisinzisha, niliifuata mpaka amina.

Tukala. Kijana hakuwa akila, alikuwa anamtazama. Hatimaye akauliza kile ambacho bila shaka alikuwa amekibeba miaka yote.

"Mama, na yaya Paluku, mukubwa yangu, eko wapi?"

Rébecca aliacha kutafuna. Hulda alikuwa akimega fufu, na vidole vyake vikasimama pale pale ndani ya tonge.

"Paluku alikufa," akasema.

Kijana aliinamisha kichwa, machozi yakapita kwenye unga. "Yeye njo alinibeba mu mugongo," alisema. "Tulipita mu mayi, akaniambia nifunge macho. Minakumbuka mugongo yake."

"Alikufa," Hulda alirudia, na akampapasa kichwa.

Mke wangu aliinuka akatoka. Nilimkuta nyuma ya jiko, ameshika ukuta. Aliniambia kwamba Paluku wa Mama Hulda alikufa angali ananyonya, kabla Kambale hajazaliwa. Hakupata kumbeba mtu, hakujua hata kutembea. Hulda mwenyewe ndiye aliyemwambia, naye aliliandika kwenye ukurasa wa Hulda: Paluku, alikufa mchanga. Jina likawa mlango wa ukurasa mtupu, nukta imepauka kwenye mchoro. Hakupata kuugusa, kwa sababu aufungue wa nini ukurasa usio na neno.

"Kwa hiyo si mtoto wake," nilisema.

"Si wake. Na anajua."

"Utasema?"

"Nitasema nini? Hakusema uongo, Papa Ariel. Paluku wake alikufa."

Wahenga walisema msiba wa kujitakia hauna kilio, na methali hiyo ilinifika mdomoni. Niliimeza. Ningemwambia nani? Huyu aliyetaka kuwafurahisha watu, au yule mle ndani anayepapasa kichwa cha mtoto wa mwenzake? Tulirudi tukaketi. Hulda alitutazama mmoja mmoja, akaelewa kwamba tumeelewa, na macho yake yalituomba wazi kabisa tunyamaze. Tulinyamaza. Sijui kama tulifanya vema.

Jioni ilikuwa haijafika dereva alipopiga honi. Kijana alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye begi, kwani ilisemwa atakuja nasi Butembo akae na mama yake. Aliagana na mashine ya kusaga, akaagana na majirani. Papa Gamaliel alikuwa anajifuta macho kwa kofia. Hulda akamwomba kijana ampe begi alibebe yeye. Alilibeba mpaka kwenye gari, nikafungua mlango wa nyuma, nikanyoosha mkono nilipokee.

Hakunipa. Aliliweka chini, kwenye vumbi.

"Mutoto yangu," alimwambia, "mukubwa yako alikubeba kweli?"

"Ndiyo mama. Mu mugongo."

"Wangu Paluku hakukuwa na mugongo ya kubeba mutu. Alikufa akinyonya. Hapana mimi niliyekuzaa."

Kijana alicheka kidogo, jinsi mtu anavyocheka anapodhani hakusikia vizuri. "Mais mama, ulisema alikufa."

"Wangu alikufa. Wako, sijue. Na mama yako, sijue. Pengine banakutafuta. Nikikupeleka kwangu, ukakuwa mutoto ya Hulda wa Butembo, bakifika hapa batakukuta wapi?" Akashika mlango wa gari. "Mimi najua kutafuta vile inakuwaka. Siwezi kumufanyia mwanamuke mwengine vile."

Papa Gamaliel aliita jina la Mungu kwa sauti ya chini. Kijana alitazama begi lake, akatutazama sisi, macho yake yakatulia kwa Rébecca muda mrefu kuliko kwa wengine, maana ndiye aliyeleta habari. Kisha akaliokota, akaligonga-gonga kulitoa vumbi, akarudi ndani bila kuaga. Simlaumu. Asubuhi aliamka yatima aliyezoea. Mchana alipata mama na kumpoteza kaka. Jioni akabaki na ndugu ambao labda wako hai, labda hawako, na kazi ya kuwafikiria maisha yake yote.

Njiani Hulda alilala, au alifumba macho. Mke wangu alimshika mkono mpaka tunaingia mjini.

Nyumbani Rébecca aliwasha kompyuta akawatenganisha. Ilikuwa kazi ndogo sana: Kambale wa Hulda huku, Kambale wa Bungulu kule, uzi ukakatika kwenye mchoro, kila nukta ikasogea upande wake. Akakizima kile kiongezi. Kisha akafunga sanduku na hakulifungua majuma mengi. Mwalimu wake alipiga simu akiuliza sura ya tatu iko wapi; nilijibu mimi, na sikujibu kwa adabu. Nilimwambia Rébecca arudi kwenye kazi, kwamba mémoire isiyoandikwa haimponyi mtu. Alisema atarudi akishaongea na Mama Hulda. Lakini Hulda hakupita tena kwetu na viazi. Ikabidi twende sisi.

Tulimkuta kibarazani kwake, karibu na mahali magari ya Beni yanaposhushia watu. Zamani hakuwa akiketi hapo; jirani mmoja alitunong'oneza kwamba siku hizi ndipo anaposhinda. Alitukaribisha vizuri, akatupa vigoda. Rébecca alianza maneno aliyoyaandaa, akashindwa kuyamaliza, akasema tu, "Mama, unisamehe."

"Madame, haukuniibia kintu," Hulda alisema. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kuliko hasira. "Ulitaka kunisaidia, naona. Mais mimi nilikuwa nilishamuzika ule mutoto. Bandugu balikuya, balikula, balirudi kwabo. Nilinyoa. Nilikuwa nalala usingizi. Sasa nilishika mutoto ya mutu mu mikono, nikasikia uzito yake, na moyo ikaniambia: kama ule wa mwengine alipona, wako je? Nitamuzika mara ya pili namna gani? Bandugu habatakuya tena."

Rébecca alificha uso.

"Siku hizi nakaa hapa tu," Hulda aliendelea. "Banashuka, naangalia masikio."

Ng'ambo ya njia mwanamke alitoka mlangoni na kidumu mkononi, akamwita mwanawe aende kuteka maji. "Kambale! We Kambale!"

Hulda aligeuka.